Mkaa wa Profesa na Sufuria ya Pilau

Ukija kwetu Walukuba, hapa Jinja, usikae kwenye kiti kilicho jirani na tangi la samaki. Kiti kile ni cha mkutano. Anayekikalia hudaiwa maoni kuhusu mkaa, na maoni yakishatoka hayana mwenyewe tena: chai haijapoa yatakuwa yamefika Mbale kwa simu, na kutoka Mbale yatarudi yakiwa amri.

Nakwambia wewe kwa sababu najua nawe una watu wako. Una shemeji anayejua kila kitu, una mama asiyevumilia kuona kitu cheusi kikaitwa safi, una mke anayehesabu vijiko baada ya wageni kuondoka. Tutaelewana.

Kwanza nikutajie wa kwangu. Mke wangu tunamwita Waziri, bila kutaja wizara, maana zote ni zake. Binti yetu mkubwa ni Profesa. Yuko sekondari, na tangu alipojua kusoma hajakubali jambo lolote kwa sababu tu mtu mzima amelisema. Mdogo wake wa kiume ni Sangara, jina alilopewa na dada yake kwa jinsi anavyopita mezani: sahani yake, kisha ya dada, kisha ya mgeni aliyezubaa. Kaka yake Waziri ni Daktari. Hatibu watu, anatengeneza simu kwenye kibanda mjini, na simu zenyewe huzipima kwa kuziweka sikioni na kufumba macho. Halafu yuko mama yangu mzazi, Bibi Masaba, anayeishi Namakwekwe, Mbale, chini ya majabali ya Wanale, na ambaye umbali wa Mbale na Jinja haujawahi kumzuia kuendesha nyumba yangu. Mimi hufundisha kemia. Shuleni naitwa Mwalimu na nyumbani naitwa Mwalimu, ila nyumbani Mwalimu husubiri zamu ya kusema.

Tangi lenyewe, la lita mia moja hivi, lilitoka kwenye mauzo ya vyombo vya nyumba moja ya zamani karibu na Main Street. Waziri alikwenda kununua kabati. Alirudi na kabati, mapazia, mashine ya kusagia nyama isiyo na mpini, na tangi, kwa kuwa muuzaji alisema vyote vinakwenda pamoja. Profesa alilidaka kabla halijageuzwa kuwa la kuhifadhia unga wa posho.

Watu wengi wakipata tangi hutafuta samaki wa dhahabu. Profesa aliuliza kwa nini tuagize samaki wa asili ya Uchina wakati Ziwa Viktoria liko pale, harufu yake inaingia dirishani. Akataka furu, hawa wadogo ambao huku kwetu ni nkejje. Akaenda Masese kwa kijana anayeuza chambo, maana wavuvi hutumia furu kwenye ndoana za kuvulia sangara, akachagua wachache waliokuwa bado wanaruka ndooni: dume mmoja na majike kadhaa. Yule kijana alimtazama sana msichana anayelipa pesa ili samaki asiliwe na yeyote, akamwongezea mmoja bure.

Hapa niache nitoke njiani kidogo, kwa sababu jambo hili nalipenda na Jinja ndiko kwake. Tangu 1947 mji huu una kituo cha utafiti wa samaki, kile kilichoanza kikiwa cha Afrika Mashariki nzima na leo ni taasisi ya taifa, NaFIRRI. Katika miaka ya 1950 Humphry Greenwood alikaa hapa akiwachambua furu mmoja mmoja, taya kwa taya, jino kwa jino, hadi ikajulikana kwamba samaki ambao wavuvi waliwaona ni kitu kimoja walikuwa mamia ya spishi: mla konokono, mla mwani, mla magamba ya wenzake, mla mayai ya wenzake. Geoffrey Fryer naye alikuwa hapa hapa Jinja, na mwaka 1960 aliandika kuonya kwamba sangara asipandikizwe ziwani. Sangara alikuwa ameshaingia. Aliletwa kutoka Ziwa Albert katika miaka ya 1950, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia kwa muda, kisha miaka ya 1980 akafumka. Katika spishi za furu zinazokadiriwa kufika 500, karibu 200 hazikuonekana tena. Bustani za wanyama za Marekani zilianza katika miaka ya 1990 kuwazalisha furu wa Viktoria kwenye matangi ya kioo ili mbegu isipotee. Fikiria hilo: samaki wa Masese anatunzwa ng'ambo, ndani ya kioo, kwa sababu nyumbani alikosa pa kukaa.

Jioni Profesa alipotusomea habari hiyo, mdogo wake aliweka kijiko chini. Akauliza kwa sauti nyembamba kama yeye ndiye aliyewala. Waziri akamvuta akamkalisha pajani, mtoto mzito yule, akamwambia sangara wa ziwani hakujileta, aliletwa na watu wazima. Tangu siku hiyo Sangara ndiye askari wa tangi. Anawalisha yeye, kwa kipimo anachopewa na dada yake, na hathubutu kuonja.

Sasa uone dume lile karibu. Ubavu wake ni wa buluu iliyokolea, pezi la mgongoni lina ukingo mwekundu, na kwenye pezi la chini, karibu na mkia, ana madoa ya manjano ya duara, yamefanana na mayai hasa. Jike hana rangi ya kusifia, ila yeye ndiye mwenye uamuzi. Humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza, kutokana na kazi yao upande wa Mwanza, kwamba maji ya ziwa yalivyozidi kuchafuka, mwanga ukapungua, majike wakashindwa kutofautisha madume wa spishi yao na wa jirani, na koo zikaanza kuchanganyika. Profesa alipolisoma hilo akasema maji ya tangi letu hayatakuwa ya njano.

Nayo yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Alikuwa ametumbukiza gogo aliloliokota ufukweni ili majike wapate pa kujificha, na gogo likatoa rangi. Hilo halina madhara kwa samaki, ni rangi ya mti tu, lakini kwa Profesa lilikuwa pazia mbele ya jike anayetafuta mume. Ndipo akaagiza Kampala kopo la kaboni iliyoamilishwa. Lilifika na basi, punje nyeusi ndogo zinazomeremeta, akazisuuza vumbi, akazitia kwenye kifuko cha wavu ndani ya kichujio. Siku chache baadaye gogo lilionekana toka mwisho hadi mwisho wa tangi, na kiti cha jirani kikapata kazi.

Kwa kuwa zamu yangu imefika, nieleze mimi. Mkaa huu unatokana na vifuu vya nazi, au mbao, au makaa ya mawe. Kwanza huchomwa bila hewa, kisha hupigwa na mvuke kwenye joto la nyuzi 800 mpaka 1,000, na mvuke ule huuchimba ndani kwa ndani ukaacha vitundu vidogo visivyoonekana kwa jicho. Kuta za vitundu hivyo ndizo mali yake. Gramu moja inaweza kuwa na kuta za mita za mraba 1,000, kwa hiyo punje za kujaza kijiko kimoja kikubwa cha chakula, ukizikunjua zote, zinakaribia kutandaza uwanja wa mpira. Juu ya kuta hizo hunasa vitu vilivyoyeyuka majini: rangi ya gogo, harufu, mabaki ya dawa. Klorini ya bomba nayo ikikutana na mkaa hugeuzwa kloridi, ambayo samaki haimdhuru. Ndiyo kazi yake, na unaifanya vizuri. Tope hauliwezi, tope huziba vitundu tu. Maji ya kijani hauyawezi, kwa kuwa ukijani ule ni mwani ulio hai. Na amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na mashavu ya samaki wenyewe, kwa mkaa inapita tu.

Amonia ina wenyewe. Kwenye sponji ya kichujio, kwenye changarawe, kwenye kioo, huota bakteria wasioonekana. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka utakapobadilisha sehemu ya maji. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita bakteria hao wakae sawa. Watu wengi huvunjika moyo katika wiki hizo, samaki wakifa kwenye maji yanayong'aa, kwa sababu amonia haina rangi. Nawaonea huruma sana watu hao. Hakuna aliyewaambia.

Daktari hakuhitaji kuambiwa. Yeye alikuwa na habari zake, alizipata kwa mteja, mteja alizipata kwa binamu yake Nairobi: mkaa wa kichujio una siku zake, zikiisha hutapika kila sumu uliyomeza, usiku mmoja, na asubuhi samaki wote chali. Alipotamka neno kutapika, Sangara alianza kulia. Waziri akamwambia kaka yake amalize chai aende. Hakwenda. Alisubiri Waziri aende kwenye harusi ya jirani, akautoa mkaa, na ili kuutapisha kabla haujatapika mwenyewe, akauchemsha.

Akauchemsha kwenye sufuria ya pilau.

Wewe unayo sufuria hiyo kwako, na unajua nisemacho. Ya kwetu ni nzito, ya chini pana, Waziri aliipata kwa mama yake, na haipiki kitu kingine. Haipiki maharage, haichemshi maji ya kuoga, haiazimwi. Waziri aliporudi na gauni la harusi akakuta ndani yake uji mweusi unaotokota na kaka yake anakoroga kwa mwiko, alisimama mlangoni bila kusema neno. Daktari, ambaye ni mtu mzima mwenye ndevu, alijificha nyuma yangu.

"Kaka," Waziri akasema hatimaye, "kwetu sufuria ziliisha?"

"Nasafisha, dada. Ni mambo ya sayansi."

Profesa ndiye aliyemaliza kikao. Alimwambia mjomba wake kwa adabu kwamba mkaa hautapiki. Kilichonasa kimenasa, ukijaa, huacha tu kupokea kipya, na hata maji yakibadilika sana unachoweza kuachia ni kidogo. Na kuchemsha hakuufungui. Viwandani huuhuisha kwa tanuri la nyuzi 800 na zaidi, palipo mvuke na pasipo hewa ya kuuwasha. Maji ya sufuria huishia nyuzi 100, na hata oveni ya jirani yetu mwenye kuoka keki haifiki nyuzi 300. Kilichotoka kwenye sufuria ile ni vumbi, na bakteria waliokuwa wameshaanza kuota juu ya punje, ambao sasa walikuwa wameiva. Sponji Daktari hakuigusa, kwa bahati, kwa hiyo tangi halikuyumba. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akaiinua sufuria, akaitoa nje, akatangaza kwamba haina tena ruhusa ya kuingia jikoni.

Wiki chache baadaye jike mmoja akavimba koo. Akakataa chakula, akajitenga nyuma ya gogo, akawa anatafuna kitu kisichokwisha. Daktari alimtazama kwa muda, akafumba macho kidogo, akatoa jibu: matumbwitumbwi. Jioni ile ile alileta chupa ya dawa ya bluu, ile ya kutibu ukungu wa samaki, akaitia. Tangi likawa buluu, ukuta ukawa buluu, uso wa Sangara aliyebandika pua kiooni ukawa buluu. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi meupe. Daktari akafurahi: samaki wameinywa yote! Akaongeza. Asubuhi iliyofuata, meupe tena.

Profesa alikuwa anajua tangu mwanzo. Kichujioni alikuwa ametia mkaa mpya, na hakuna kitu mkaa unachokinasa kwa shangwe kuliko rangi ile ya bluu. Hata viwandani huitumia kuupima nguvu. Ndiyo maana anayetibu samaki kweli kweli huutoa mkaa kwanza, na dawa ikimaliza kazi huurudisha ufagie mabaki. Msichana huyu aliuacha makusudi, akamwacha mjomba amwage moyo wake, kwa sababu jike yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa mzazi. Furu wa Viktoria hutunza mayai mdomoni. Hutaga, huyaokota, na anapoyadonoa yale madoa ya manjano kwenye pezi la dume akidhani ni mayai yaliyobaki, hapo ndipo hupata mbegu. Halafu hufunga mdomo wiki mbili hadi tatu, hali, au hali cha maana, mpaka watoto waweze kuogelea.

Siku alipowaachia tulikuwepo wote, Daktari akiwa mbele. Vitoto kama ishirini, kila kimoja macho mawili na mkia, vikatoka, vikazunguka pua ya mama yao. Sangara alisogea ghafla. Vyote vikarudi mdomoni kwa mkupuo mmoja, akafumba. Daktari alitoa kitambaa akajifuta uso, akasema alikuwa ameshasema kwamba dawa ile ni nzuri.

Habari ya wajukuu ilifika Namakwekwe usiku ule ule, na Bibi Masaba hakulala. Alishuka Jinja na basi la alfajiri, amebeba malewa makavu ya mianzi, kahawa ya mlimani, mkungu wa ndizi, na gunia la makaa ya sigiri kwa kuwa haamini makaa ya Jinja. Wote tulikuwa tumetoka. Aliyemfungulia ni Sangara, aliyebaki nyumbani na mafua.

Mama yangu ni mwanamke msafi kupita kiasi na nampenda kwa hilo. Alipoona wajukuu wanakaa kwenye maji ya wiki nzima, na ndani ya kichujio kuna sponji ya kahawia inayoteleza na kifuko cha uchafu mweusi, alikunja mikono ya gomesi. Aliyateka maji karibu yote akawabakishia samaki kina cha kiganja. Akasugua kioo. Akatoa sponji, akatoa kifuko, akapanga badala yake vipande vizuri vya mkaa wa sigiri, mkubwa kwa mdogo. Akajaza tangi moja kwa moja kutoka bombani. Profesa huyaacha maji ya bomba wazi kwenye beseni tangu jana yake ili klorini iondoke. Bibi hana subira na mabeseni.

Tuliporudi, samaki walikuwa juu wamepanua midomo. Klorini huunguza mashavu ya samaki, na kitu kimoja ambacho kingeipokonya meno pale pale, ule mkaa wa dukani, kilikuwa nje ya nyumba. Mkaa wa sigiri hauna kuta zile, na unakuja na majivu. Majivu hupandisha pH ya maji, na hapo ndipo penye hatari ya pili, maana amonia hubadilika tabia kwa kufuata pH. Kwenye pH 7 sehemu yenye sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Bakteria hakuna, majivu yapo, vitoto ishirini. Profesa alisema maneno mawili tu, "Bibi, maji?", na sauti yake ilivunjika.

"Maji yapi?"

"Ya zamani. Yako wapi?"

Bibi Masaba alinyoosha kidole uani. Mwenzangu, sikiliza: mama yangu alizaliwa kwenye mteremko ambako maji hubebwa kichwani, na hajawahi kumwaga maji maishani mwake. Yalikuwa kwenye jerikeni, yamepangwa kivulini, yote, yakisubiri nakati na sukuma wiki zake. Katika beseni pembeni sponji ilikuwa imelowa ndani ya maji yale yale, haijaguswa na sabuni, kwa kuwa aliona itafaa kusugulia masufuria. Na kile kifuko cheusi alikuwa amekining'iniza kwenye kamba ya nguo, kinachuruzika, kwa sababu kitu kilichonunuliwa hakitupwi kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Tukafanya kazi bila maneno. Waziri akiwa na nguo za kazini alibeba jerikeni mbili mbili. Sangara na mafua yake aliviokota vitoto kwa kikombe. Daktari alikuja kutokana na kelele, akaanza kusema mkaa ule umeshakufa usirudishwe, Waziri akamtazama, akanyamaza akashika ndoo. Mkaa ukarudi, na bakteria wake mgongoni, sponji ikarudi, maji yakarudi. Saa ya chakula cha usiku dume alikuwa ameanza kufukuza wenzake, na hiyo ndiyo dalili ya afya kwa furu. Tulipoteza vitoto vitatu. Bibi alivizika mwenyewe chini ya mpapai, akakaa kwenye kile kiti mpaka usiku mkubwa, na Profesa akakaa naye, akimweleza polepole kuhusu bakteria, hatua kwa hatua, akirudia alipoulizwa. Mama yangu anauliza maswali mazuri. Aliuliza kwa nini basi watu wengine wanafuga bila mkaa kabisa. Profesa akamjibu inawezekana, na wengi wanafuga vizuri. Mkaa ni wa rangi, harufu na dawa, ila sponji yenye uhai huwezi kuikosa. Na mimi nakubaliana naye: pesa ikiwa ya kitu kimoja, nunua sponji.

Alipoondoka alitaka vitoto vyake. Alikuwa ameshaagiza tangi kwa fundi vioo wa madirisha, Mbale, na hakuuliza mtu. Safari ya kuvipeleka tulikwenda wawili, mimi na Profesa, ndoo ikiwa katikati ya magoti yangu kwenye basi, kwa barabara ya Tirinyi, tukipita mabwawa ya mpunga ya Mto Mpologoma huku kila abiria akichungulia na kutoa fatwa. Mmoja alisema wasilishwe wali. Mwingine aliapa kwamba samaki hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi, kwa hiyo tangi dogo lina faida. Profesa alimjibu kutoka Namutumba hadi Kamonkoli: samaki hudumaa na kufa mapema kwa maji mabovu, na hakuna faida kwa yeyote. Kwenye mfuko mwingine tulibeba kipande cha sponji ya zamani na konzi ya mkaa uliotumika, vimelowa, ili tangi la Mbale lisianze na mikono mitupu.

Huko nilijifunza kitu kwa mama. Mbale wanajua tope. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, ikaua zaidi ya watu 20, matope yaliingia nyumbani kwake hadi kwenye magodoro, na kwa muda mrefu watu walihangaika na maji. Kwa hiyo mama hahitaji kufundishwa kwamba mkaa si wa tope. Yeye huyaacha maji yatulie, huteka ya juu kwa kikombe, taratibu, bila kutikisa, kisha huyaacha tena. Chombo anachotumia kutuliza maji hayo kilikuwa kinene, cha chini pana. Nilikitambua. Alikiokota uani kwetu siku ile ya kuondoka, akakifunga kwenye leso, kwa maelezo kwamba kilikuwa kimetupwa.

Sikumwambia Waziri. Aliambiwa na mama mwenyewe juzi, kwa simu, spika ikiwa wazi na Daktari akiwa kwenye kiti. Jike mmoja wa Namakwekwe amevimba koo. Majirani wameleta dawa za kila aina, mama amefunga mlango wa sebule na ufunguo ameuficha kifuani. Halafu, akiwa katika furaha hiyo, akataja kwamba wageni walikuwa wengi, ikabidi apike pilau, na sufuria ile inapika vizuri ajabu, haiunguzi.

Waziri aliuliza, kwa heshima zote, "Mama, sufuria ipi?"

Kesho asubuhi nakwenda Mbale. Nimepewa nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na nauli ya sufuria, ambayo konda hutoza kama mzigo. Daktari amesisitiza nimpelekee jike chupa ya bluu. Nimeichukua, nimeiweka mfukoni, na Profesa, bila kuniuliza kitu, ameniongezea mfuko wa mkaa mpya.